Shajara ya edamame: soya mbichi, chumvi na dakika nne

Mei, mwanzoni

Lengo ni moja: nipike nyumbani, hapa Niigata, Japani, edamame zinazolingana na zile zinazoletwa mezani izakaya kabla hujamaliza kusoma orodha ya vyakula. Ikiwezekana zizipite.

Kwa asiyejua, izakaya ni baa ya Kijapani ya kula na kunywa. Watu hukaa saa nyingi, na sahani ndogo ndogo huja moja baada ya nyingine. Edamame hutangulia. Ni soya iliyochumwa ikiwa mbichi, ganda bado la kijani, punje zimejaa lakini hazijaanza kukauka, ikachemshwa pamoja na maganda yake kwenye maji ya chumvi. Unalibana ganda kwa vidole, punje zinaingia mdomoni, ganda tupu unaliweka kwenye bakuli la pembeni. Aliyekula karanga za kuchemsha za stendi tayari anajua mkono unavyokwenda.

Mimi ni mtu wa Ruvuma. Kwetu soya ni zao la shamba, lakini miaka yote nimeijua ikiwa kavu: inakaangwa, inasagwa, inaingia kwenye uji wa lishe, au inanunuliwa na watengenezaji wa chakula cha kuku. Kuila mbichi hivi nimekutana nako huku. Ndiyo maana naandika kila hatua, kwa sababu nataka siku moja mama aijaribu kwenye shamba lake, na nikimpa maelekezo yawe yamepimwa.

Nimepanda pia, kwenye ndoo za kupandia maua hapo verandani. Mbegu ni ya aina ya mapema, inayochukua siku 80 hadi 85 tangu kupanda hadi kuchuma. Punje tatu kila shimo, nitapunguza zibaki mbili. Juu nimefunika neti, maana njiwa wa hapa wanapenda sana majani mawili ya kwanza ya soya, na mche ukinyang'anywa hayo umekwisha. Mbolea ya naitrojeni nimeweka kidogo mno. Soya ina bakteria kwenye mizizi wanaoitengenezea naitrojeni yake. Ukiizidishia inakuwa kichaka kizuri cha majani na maganda machache.

Juni, mwanzoni

Kabla ya kuanza na maganda mabichi nilitaka kipimo cha kulinganishia, kwa hiyo nimenunua pakiti ya edamame zilizogandishwa kutoka supamaketi. Izakaya nyingi, hasa zile zenye matawi mengi, hutumia hizi hizi. Japani huagiza kwa wingi kutoka Taiwan, China na Thailand, na zikifika huwa zimeshachemshwa kidogo na kutiwa chumvi. Kazi ya jikoni ni kuziyeyusha tu.

Nimejaribu njia mbili. Kwanza kuziweka kwenye kung'uto chini ya bomba mpaka barafu iishe, kama pakiti inavyoelekeza. Zinalika, ila zina majimaji, na ladha imekaa mbali. Pili, kuzitia zikiwa bado zina barafu kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, kufunika dakika mbili, kisha kufunua na kuacha maji yote yakauke mpaka maganda yaanze kupata madoa ya kuungua. Tofauti ni kubwa. Chumvi iliyokuwa imejificha kwenye barafu inabaki imeng'ang'ania ganda, na ulimi unaipata kabla ya punje.

Hicho sasa ndicho kipimo changu. Chochote nitakachopika kutoka kwenye maganda mabichi lazima kiishinde pakiti iliyopita kikaangoni.

Juni, mwishoni

Edamame za mapema zimefika kwenye kibanda cha wakulima kilicho karibu na kituo cha treni. Hizi ni za Yahiko, kijiji cha mkoa huu huu kinachojulikana kwa kuwahi sokoni kuliko wengine. Zinauzwa kwa namna mbili, maganda yaliyochambuliwa ndani ya mfuko, au shina zima lenye maganda yake limefungwa kamba. Nimechukua shina. Mzee anayeuza, ambaye mimi humwita "babu" kwa Kijapani na yeye hufurahi, ameniuliza naishi wapi. Nilipomwambia ni dakika kumi kwa baiskeli akaridhika. Akasema wazee wao walikuwa wakibandika maji kwanza, ndipo wanakwenda shambani kuchuma.

Somo la leo ni chumvi. Vipimo nilivyoanza navyo ndivyo vinavyotumika sana Japani: maganda gramu 250, maji lita 1, chumvi gramu 40 kwa jumla, yaani asilimia 4 ya maji. Kwa mtu wa kwetu hiyo chumvi inatisha. Lakini nyingi inabaki kwenye maji. Ganda ni nene, punje iko ndani, na muda wa kuchemka ni mfupi.

Chumvi hiyo haiingii yote sufuriani kwa mkupuo. Gramu 15 hivi unaziweka kwenye maganda yaliyooshwa, halafu unayasugua kwa viganja vyote viwili kwa nguvu kiasi, kama dakika moja. Ganda la soya lina malaika, vinyweleo vya kahawia vinavyokera ulimi. Chumvi ya chenga inavikwangua, inaparuza ngozi ya ganda ili maji ya chumvi yapenye, na inasaidia rangi ya kijani ikae. Gramu 25 zilizobaki zinakwenda kwenye maji yanayochemka. Maganda yanafuata na chumvi yake mwilini, bila kusuuzwa.

Nimelinganisha sufuria mbili, moja ya maganda yaliyosuguliwa na nyingine ya maganda yaliyotiwa tu kwenye maji ya chumvi ile ile. Ya pili ilikuwa na rangi iliyofifia, na vinyweleo vyake unavihisi kwenye midomo. Sitaruka hatua hii tena hata nikiwa na haraka.

Vyungu vya verandani vimeanza kutoa maua madogo ya zambarau, yamejificha kwapani mwa majani. Kuanzia sasa maji asubuhi na jioni. Soya ikikosa maji wakati wa maua inaangusha maua na maganda machanga, na hakuna namna ya kuyarudisha.

Julai, katikati

Mkasi. Nilidhani kukata ncha mbili za kila ganda ni madoido ya wapishi. Ukikata milimita chache kila upande, maji ya chumvi yanaingia moja kwa moja ndani na kuizunguka punje. Bila kukata, chumvi iko nje, utamu uko ndani, vinakutana mdomoni tu. Izakaya ndogo yenye mpishi mwenye heshima zake utaiona kwa ncha hizi zilizokatwa. Ni kazi ya kukaa kitako na kuongea. Mwenzangu wa nyumba, kijana wa Mombasa, ndiye mshika mkasi wa mradi huu, na hukata huku akinisimulia habari za kwao.

Muda wa kuchemka: vitabu vya hapa vinatoa dakika tatu na nusu hadi tano. Mimi naonja punje moja kila nusu dakika kuanzia dakika ya tatu. Kwa maganda ya mwezi huu, dakika nne ndipo punje ina ukinzani mdogo kwenye jino na harufu ya ubichi imekwisha. Kwenye dakika ya tano inalainika, na kwenye ya sita ninachokula ni maharage. Kupunguza sana nako hakufai. Soya mbichi kabisa hailiwi, ina vizuizi vya tripsini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na moto ndio unaovivunja nguvu.

Jambo lililobadilisha matokeo kuliko yote ni kupoza. Nyumbani mboga ya kijani tumezoea kuikimbiza kwenye maji baridi ili rangi isiharibike. Edamame haitaki. Maji yanaingia kwenye ncha ulizokata, yanafukuza chumvi, na punje inakuwa na ladha ya mvua. Namwaga kwenye kung'uto la mianzi, natandaza maganda yasilaliane, halafu napepea kwa nguvu kwa kipepeo cha karatasi. Mvuke unatoka, ganda linakauka juu, rangi inabaki. Chumvi kidogo ya kumalizia inanyunyizwa hapo, maganda yakiwa bado ya moto.

Mwenzangu wa Mombasa anakula na chai baridi ya shayiri, ile Wajapani wanayokunywa majira yote ya joto. Watu wengi hapa watakwambia edamame ni ya bia, na kweli chumvi na bia vinaitana. Lakini ile shayiri iliyokaangwa, baridi, bila sukari, inaendana nayo vizuri sana, na chumba chetu kina joto la kutosha kumaliza jagi zima.

Julai, mwishoni

Nimejaribu njia ya kikaango kwa maganda mabichi. Gramu 250 zilizosuguliwa na chumvi gramu 10 tu, zinatandazwa kwenye kikaango kipana, maji nusu kikombe, funika, moto wa wastani juu kidogo. Dakika nne hadi tano, kisha funua uache maji yakauke.

Mimi naipenda kuliko kuchemsha. Maji mengi huondoka na sehemu ya utamu. Hapa hakuna pa kwenda, kila kitu kinarudi kwenye ganda. Punje inakuwa nzito, karibu na njugu. Ila haina ule wepesi wa izakaya, ule unaokufanya usijue umekula kiasi gani. Mwenzangu anapiga kura kwa sufuria, mimi kwa kikaango. Kwa kuwa lengo nililoandika ni la izakaya, sufuria inaendelea kuongoza.

Agosti, wiki ya kwanza

Verandani maganda yamejaa. Ukilishika ganda, punje zinasukuma kidole, na rangi bado ni kijani kibichi bila dalili ya unjano. Mkulima ana siku chache tu hapa, tatu mpaka tano hivi. Kabla yake punje ni bapa, baada yake sukari inapungua na punje inakuwa ngumu.

Leo nimefanya kama wazee wa babu wa kibandani walivyofanya. Nimebandika maji, yakachemka, ndipo nikatoka na mkasi verandani. Kutoka shinani hadi sufuriani hazikupita dakika kumi na tano, pamoja na kusugua. Pembeni nikawa na maganda ya mbegu hiyo hiyo niliyochuma jana mchana na kuyaacha mezani usiku kucha kwenye joto la Niigata.

Kuna haja ya kulisema hili wazi. Hatua zote nilizoandika tangu Juni, chumvi, mkasi, kipepeo, zikiwekwa pamoja hazifikii tofauti niliyoionja leo. Ya leo ilikuwa tamu, tamu hasa, na nyuma ya utamu kuna kitu kinachokaa ulimini kama supu nzuri. Ya jana ilikuwa chakula kizuri tu.

Sababu zake zinajulikana. Ganda likishatengwa na shina linaendelea kupumua, na chakula chake ni sukari yake lenyewe, sukrosi. Kadiri joto lilivyo kali ndivyo inavyoila haraka. Asidi za amino zinazoleta ladha, glutamati ya ladha ya nyama na alanini ya utamu, nazo hupungua. Halafu kuna la tatu, ambalo lilinifurahisha kulijua: soya mbichi ina wanga, na soya iliyokauka karibu haina kabisa. Punje inapopata moto sufuriani, kimeng'enya kiitwacho beta-amilasi hugeuza sehemu ya wanga huo kuwa maltosi. Kwa hiyo utamu mwingine unazaliwa wakati wa kupika. Hapo nimeelewa kwa nini soya ya uji wetu, iliyokaukia shambani hadi ganda linapasuka, ina ladha nyingine kabisa.

Kwa asiye na veranda, shina zima ni bora kuliko mfuko wa maganda, kufika nyumbani mapema ni bora kuliko jioni, na kama huwezi kupika mara moja, maganda yakae kwenye friji, si mezani.

Agosti, katikati

Chamame, aina ya edamame yenye harufu, zimeingia, na Niigata nzima ina harufu yake. Kwa nje ni maganda ya kawaida yenye vinyweleo vya kahawia. Ukimenya, utando wa punje una rangi ya chai. Eneo la Kurosaki, ndani ya jiji hili hili, ndilo lenye jina. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Tsuruoka katika Yamagata, wana ndugu yake anayeitwa dadachamame, na watu wa pande zote mbili wana hoja ndefu za nani bora. Sijala za Tsuruoka zikiwa mbichi, kwa hiyo nanyamaza.

Maji yalipochemka na chamame zikaingia, mwenzangu alitoka chumbani akiuliza nani anapika pishori. Hakukosea. Kiambata kinachoipa chamame harufu yake, 2-asetili-1-pirolini, ndicho kile kile kilichomo kwenye mchele wa harufu, basmati na jamii yake, na kwenye majani ya rampe ambayo watu wa Zanzibar huyajua. Nimekaa juu ya sufuria nikivuta mvuke kwa muda usio wa lazima. Mtu wa Kyela angeketi nami.

Chamame nimeipunguzia muda, dakika tatu na nusu, kwa sababu harufu hiyo ni nyepesi na inaondoka na mvuke. Kufunika sufuria hadi dakika ya mwisho kumesaidia kidogo.

Hapa Niigata edamame haitolewi kwenye kibakuli cha maganda kumi. Inarundikwa kwenye kung'uto, katikati ya meza, kama chakula cha familia. Mkoa huu ni miongoni mwa inayoongoza Japani kwa ukubwa wa mashamba ya edamame, lakini kwa kiasi kinachopelekwa sokoni uko chini zaidi kwenye orodha, kwa sababu wenyewe wanaimaliza. Zamani soya ilipandwa kwenye kingo za majaruba ya mpunga, mahali ambapo pangebaki majani tu. Serikali ilipoanza kupunguza kilimo cha mpunga kuanzia 1970, baadhi ya majaruba yenyewe yakageuzwa mashamba ya soya. Na kuila hivi ni jambo la kale mno. Mwaka 1275 mtawa Nichiren aliandika barua kumshukuru mfuasi wake kwa zawadi ya edamame.

Agosti, mwishoni

Jana tulikwenda izakaya, makusudi, kuonja kwa kulinganisha. Sahani yao ilikuwa na chumvi iliyopimwa vizuri, ncha zimekatwa, ganda kavu, joto kidogo, si ya moto wala baridi. Kwa chumvi wametushinda. Wanaimalizia na chumvi ya bahari ya chenga kubwa ambayo inatafunika. Kwa utamu, sufuria yetu ya chamame iko mbele, na mwenzangu alikubali bila kulazimishwa.

Tumenunua chumvi ya chenga kubwa njiani tukirudi.

Nikajaribu pia sahani ya pili ya izakaya: maganda yaliyochemshwa dakika tatu, kisha kikaangoni na mafuta kidogo, kitunguu saumu kilichokatwa, pilipili kavu, na tone la sosi ya soya mwishoni. Vidole vinachafuka, unalamba ganda kabla ya kulifungua. Inafaa sana kwa maganda yaliyolala au ya kugandishwa. Kwa yaliyochumwa leo ni kuyafunika uso. Kitunguu saumu kinameza kila kitu nilichokihangaikia.

Septemba

Msimu unafifia. Babu wa kibandani ameniwekea aina ya mwisho ya mkoa huu, sakanamame, inayochelewa hadi mwezi huu na mwanzo wa Oktoba. Punje ni nene, utamu wake ni wa polepole, na imehitaji dakika tano kamili.

Nimegandisha sehemu. Dakika mbili na nusu tu za kuchemka, kupepea hadi zipoe kabisa na kukauka, mfuko uliotolewa hewa, friza. Baada ya wiki mbili nimezipitisha kikaangoni kama pakiti ya Juni. Zimeishinda pakiti kwa wazi, hasa kwa utamu. Kwa kukinza kwenye jino zinalingana. Kipimo nilichokiweka mwanzo kimevukwa hata na zilizogandishwa.

Oktoba

Nimempigia mama. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Soya mbichi na maganda yake, mwanangu? Na tumbo?" Nikamwambia moto dakika tano, tumbo halina neno. Akataka kujua kama itabidi anunue mbegu ya Kijapani. Nimemwambia hapana. Mbegu ya shamba letu ilichaguliwa kwa ajili ya nafaka kavu, punje zake zitakuwa ndogo na utamu utakuwa wa chini kuliko chamame, lakini ganda la kijani ni ganda la kijani, na njia ni ile ile.

Tumekubaliana. Kule soya inapandwa Desemba hadi Januari, kwa hiyo mistari miwili itakuwa karibu na jiko, mbali na ile ya mavuno. Mwezi mmoja na kidogo baada ya maua ataanza kubana maganda kila asubuhi. Punje zikijaa na ganda halijaanza unjano, anabandika maji kwanza. Mizani hana, nimempa kwa vijiko: maji lita moja, vijiko vikubwa viwili vya chumvi vilivyojaa, kimoja kati ya hivyo cha kusugulia. Maganda ya kujaza bakuli moja. Ncha zikatwe kwa mkasi, wajukuu wapo. Kumwaga kwenye kung'uto, kupepea kwa ungo, hakuna maji baridi. Aonje dakika ya nne na ya tano aniambie ipi.

Maelezo ya sufuria ya kwanza ya Ruvuma nitayaandika hapa Machi.